Wananicheka kisa chuo changu

SWALI: Dada mambo, mi nipo mwaka wa pili chuo cha kawaida tu, sasa group letu la watu tuliomaliza sekondari pamoja halikaliki, kila saa GPA, na nikichangia kitu wale wa chuo kikubwa wananijibu "kwani huko kwenu mnasomaga nini?" halafu emoji za kucheka. Nijitoe?

JIBU: Pole mdogo wangu, hao nawajua, ukimuuliza saa ngapi anakujibu jina la chuo. Kwanza hizo GPA wanazotambiana, vyuo havitumii skeli moja, 3.8 kwenye skeli ya 4 na 3.8 kwenye skeli ya 5 ni vitu viwili tofauti kabisa. Ranking za vyuo nazo, ile ya QS (kampuni ya Uingereza inayopanga vyuo vya dunia nzima) siku hizi asilimia 30 ya alama ni maoni ya wanataaluma wakiulizwa chuo gani wanakiona kizuri, yaani sifa inazaa sifa (we hata hujapimwa hapo). Na mwaka 2002 wachumi wa Marekani, Stacy Dale na Alan Krueger, walitoa utafiti wa watu waliokubaliwa vyuo vyenye ushindani mkali ila wakaenda vya kawaida, kipato chao kikaja kuwa karibu sawa na wenzao walioenda kule. Ila sikudanganyi, kwa waliotoka familia za kipato cha chini chuo kikubwa kilisaidia kweli, so jina sio bure kabisa.

Usijitoe, mute tu, matangazo ya kazi yanapitaga humo. Akikuuliza tena mnasoma nini mtajie topiki ya wiki hii kisha muulize ya kwake, uone kama atajibu.