Kabla hujaandika kwamba Serufuli "alitawala Kivu Kaskazini"

Usiiandike hiyo sura ya pili. Umesema tasnifu yako itafuatilia maisha ya kisiasa ya Eugène Serufuli, aliyekuwa gavana wa Kivu Kaskazini, jimbo la mashariki mwa Kongo, wakati wa vita vya nchi hiyo, ukauliza nyaraka zinapatikana wapi, sura zigawanywe vipi, na kama itafaa kuandika kwa Kiswahili badala ya Kifaransa. Lakini katika muhtasari wako nimekuta kichwa kisemacho "Gavana wa jimbo zima, 2000–2007", na hapo nikaacha kusoma, kwa sababu sura yenye kichwa kinachofanana na hicho ndiyo iliyonirudisha mwanzo nikiwa nimekwisha kulipia uchapaji na jalada.

Mwaka 2000 halikuwapo jimbo zima la kutawaliwa. RCD, kundi la waasi lililokuwa likipigana na serikali ya Kinshasa, ilikuwa imepasuka tangu Mei 1999: Profesa Wamba dia Wamba, ambaye wasomaji wengi wa Tanzania wanamkumbuka kwa miaka aliyofundisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, alihamia Kisangani chini ya kivuli cha Uganda, na waliobaki Goma, walioitwa RCD-Goma, wakaendelea na Rwanda. Léonard Kanyamuhanga, gavana aliyekuwapo tangu enzi za AFDL, muungano wa waasi uliomwondoa Mobutu, alipofariki, RCD-Goma ilimteua Serufuli kushika nafasi hiyo. Kwenye karatasi alipewa Kivu Kaskazini yote. Kwa hakika Beni, Butembo na sehemu kubwa ya Lubero zilikuwa chini ya RCD-K/ML, tawi lililotokana na upande wa Wamba na lililokuja kuongozwa na Mbusa Nyamwisi, lenye askari wake, watoza kodi wake na njia yake ya Kasindi ya kuingizia bidhaa kutoka Uganda. Amri ya gavana ilisikika Goma, Rutshuru, Masisi na baadhi ya maeneo ya Walikale. Ilipopanda barabara ya kaskazini hadi Kanyabayonga, ilikuwa imekwisha pumzi.

Mimi, kwa kutojua hayo, nilijaza kurasa na kurasa kuhusu "sera ya gavana kwa wafanyabiashara wa Butembo". Nilichambua sera ambayo haikuwahi kuwapo, tena kwa tanbihi nzuri sana. Kama kuna tuzo ya kutafiti hewa, jina langu lifikiriwe. Aliyenizindua ni mama mmoja wa Kayna aliyekuwa akisafirisha maharage miaka ile. Alitoa mfuko wa plastiki wenye risiti za zamani, akazipanga mezani mafungu mawili: huku zenye mihuri ya Goma, huku zenye mihuri ya upande wa pili, tarehe zikifuatana, mzigo ukiwa ule ule uliotozwa mara mbili katika safari moja. Kisha akaniuliza, kwa adabu kabisa, kama huko chuoni kwetu hawauzi ramani.

Ramani zilikuwapo. Kilichokosekana ni msimamizi wa kunituma nizitazame. Huyu bwana, ambaye sitamtaja kwa sababu bado anasahihisha kazi za watoto wa watu, kila nilipomletea shaka alijibu kwamba "gavana ni gavana, mengine ni siasa", kana kwamba tasnifu ya sayansi ya siasa ilipaswa kuiepuka siasa. Siku ya utetezi, mtahini mmoja aliponiuliza ni nani aliyekuwa akilipa polisi wa Butembo mwaka 2001, msimamizi wangu alikuwa akisafisha miwani yake, na aliendelea kuisafisha kwa bidii mpaka swali likapita.

Usidhani hili ni kosa dogo la jiografia. Ukimpa Serufuli jimbo zima, hutaweza kueleza hata hatua moja ya maisha yake ya kisiasa. Hutaeleza kwa nini alihitaji kuunda mgambo wa Local Defence, walioandikishwa zaidi miongoni mwa vijana wa Kihutu, wala kwa nini shirika la TPD, ambalo kwa jina lilikuwa la amani na maendeleo, lilikuwa na uzito kuliko idara nyingi za serikali yake. Nguvu yake ilitoka huko na kwa waliomlinda kutoka Kigali, na ofisi ilikuja kuupa uwezo huo mhuri. Hutaeleza pia mwaka 2004, wakati serikali ya mpito, iliyowaunganisha waasi na serikali ya Kinshasa baada ya mkataba wa amani, ilipomthibitisha: kiti ni kile kile, lakini sasa mteuzi yuko Kinshasa, na gavana wa waasi amegeuka mtumishi wa rais ambaye jana alikuwa adui.

Zaidi ya yote, hutaeleza mwaka 2007. Baada ya uchaguzi wa 2006, bunge moja la jimbo liliwakutanisha wajumbe wa kusini na wale wa Beni, Butembo na Lubero, kaskazini yenye Wanande wengi ambayo hakuwahi kuitawala kwa nguvu zake mwenyewe. Kiti kikaenda kwa Julien Paluku, mtu wa kaskazini. Katika rasimu yangu ya kwanza anguko hilo lilionekana kama ajali iliyotoka mbinguni, nami nikaliita "mshangao wa kidemokrasia". Mshangao ulikuwa wangu peke yangu.

Kwa hiyo, kila mara unapoandika cheo, kiandikie pembeni mambo mawili: ni nani aliyekitoa, na neno la mwenye cheo liliishia kijiji gani tarehe hiyo. Tarehe ni ya lazima, maana mstari uliotenganisha pande hizo mbili ulihama. Juni 2003 askari wa RCD-Goma walisonga mpaka Lubero, kisha wakarudi nyuma. Ukikosa kijiji, usiandike "alitawala". Andika "aliteuliwa" na uishie hapo.

Kuhusu nyaraka, anza na risiti za wafanyabiashara na vibali vya kusafiria kabla ya kugusa amri za serikali. Ulikuwa umeuliza jambo la lugha pia, na sijui lingine gani. Nitalirudia ukishanitumia orodha ya vyeo vyake ikiwa na hizo safu mbili pembeni, na tafadhali iwe kabla hujamwona msimamizi wako.