Kabla hujachangia pesa shule yako ya biashara, wapelekee muda wako kwanza

Kila mwaka kwenye grupu letu la wahitimu inaingia meseji ile ile, "wapendwa, shule yetu ya biashara inaomba mchango wenu", na kila mwaka watu wanaweka emoji ya mikono wanapita, wawili watatu wanachanga, alafu anatokea mmoja anaandika hicho chuo kilinifanyia nini mpaka nikipe hela yangu. Mi nilikuwa kwenye lile kundi la wanaopita kimya, karibu miaka sita. Kama na wewe uko huko sikulaumu, ila naomba unisikilize, maana nilichokuja kukiona baada ya kuanza kushiriki ni kwamba shule inakuhitaji kwa mambo ambayo hata hayajawahi kuandikwa kwenye ile meseji.

Mwanzo nilianza vibaya. Walinialika kutoa mada, nikaandaa slaidi 40, ukumbi ukajaa, picha zikapigwa, nikarudi zangu nimeridhika kabisa. Mwezi uliofuata nikakutana na kijana mmoja aliyekuwepo siku ile, nikamuuliza mdogo wangu uliondoka na nini, akafikiri weee, mwisho akasema "ulituambia tusikate tamaa, kaka". Basi. Saa nzima na nusu ya watu 200, na kilichobaki ni sentensi ambayo angeweza kuisikia popote. Iliniuma sana, kwa sababu nilikuwa na vitu vya kuwapa na sikuwapa.

Ndo nikamwandikia mwalimu wangu wa zamani anayefundisha somo la fedha, nikamuuliza ni kitu gani hasa kinamkwamisha darasani. Jibu lake lilikuwa neno moja, mifano. Alisema ile ya vitabuni wanafunzi wameshaikariri mpaka majibu, na yeye anatafuta biashara ya kweli yenye namba za kweli, ikiwezekana iliyoyumba. Nikamwambia hiyo ninayo.

Nikachukua hesabu za mwaka wa tatu wa biashara yangu, nikafuta majina ya wateja, nikaenda nazo kwenye darasa la watu kama 30 hivi. Karatasi ya kwanza ilikuwa na mauzo na faida tu, nikawauliza hii kampuni iko salama, wote wakasema iko salama, na kweli faida ilikuwepo. Alafu nikagawa karatasi ya pili, mzunguko wa fedha mwezi kwa mwezi, mteja mkubwa analipa baada ya siku 90, wanaoniuzia mzigo wanataka chao ndani ya siku 30, mishahara haisubiri. Dada mmoja mstari wa mbele akawa anashuka na kalamu taratibu, anajumlisha pembeni, akasimama kwenye mstari mmoja, akainua kichwa akasema, "Kaka, hapa mwezi wa tano huna mshahara wa watu." Ulikuwa ni mwezi wenyewe. Darasa zima likanyamaza, alafu maswali yakaanza kumiminika, ulifanyaje, uliwaambia nini wafanyakazi, kwa nini hukukopa mapema, na nikawajibu yote, kwamba niliwaita watu wangu nikawaeleza hali ilivyo, kwamba nilimfuata yule mteja nikampa punguzo la asilimia 3 ili alipe ndani ya siku 10, na kwamba kama ningeangalia karatasi ile ya pili miezi minne kabla wala tusingefika pale. Sasa naenda kila muhula, darasa lile lile, na mwalimu ameshaliweka kwenye ratiba yake.

Hili la kujirudia ndo nalisisitiza kuliko yote. Mtu anayekuja mara moja na mbwembwe anasahaulika, ila anayekuja saa mbili kila muhula, mwalimu anaweza kupanga somo akijua yupo. Hata Harvard Business School iliyoanza mwaka 1908 kule Marekani imejenga jina lake kwa kufundisha kwa kesi, yani visa vya kweli vya kampuni halisi na maamuzi yake, na kesi haiwezi kuandikwa bila mtu wa ndani kukubali kufungua mafaili yake. Huyo mtu wa ndani kwenye shule yako ni nani kama sio wewe uliyesoma pale?

Kuna na kingine kidogo ambacho wengi hawakijui. Financial Times, gazeti la biashara la Uingereza, wanapopanga orodha ya shule bora za MBA, yani shahada ya uzamili ya biashara, wanawauliza wahitimu wa miaka mitatu nyuma, mshahara wako ukoje, malengo yako yametimia kiasi gani, na shule ambayo haijafikisha asilimia 20 ya majibu haiingii kwenye orodha. Yani shule inaweza kukosa nafasi kwa sababu tu watu wameiona imeili hawakuifungua. Kwa hiyo badilisha anwani yako kwenye ofisi ya wahitimu ukihama kazi, na ukitumiwa dodoso, jaza, na ujaze ukweli.

Haya, pesa. Sisemi pesa sio muhimu, ni muhimu sana. Edward Tuck alimaliza chuo cha Dartmouth kule Marekani mwaka 1862, na mchango wake ndo uliozaa shule ya biashara ya chuo hicho, Tuck School, mwaka 1900. David Booth alichukua MBA yake Chuo Kikuu cha Chicago mwaka 1971 na mwaka 2008 akarudisha dola milioni 300, shule ikapewa jina lake. Ila mfano ninaoupenda mimi ni wa Chuo Kikuu cha Wisconsin, huko huko Marekani, mwaka 2007 wahitimu 13 walijichanga dola milioni 85 kwa sharti kwamba shule ya biashara isiuze jina lake kwa mtu yeyote kwa miaka 20. Ukikaa ukafikiria, watu 13 wanatoa pesa zote hizo na hakuna hata mmoja anayetaka jina lake ukutani.

Sisi wa darasa letu tuko 11 na hatuna mamilioni, tulichofanya ni kuweka makato ya kila mwezi benki, kiasi kile kile kidogo, kwa kazi moja tu, nauli na matumizi ya wanafunzi waliopata nafasi ya mafunzo kwa vitendo isiyolipwa. Tulichagua hiyo baada ya kuuliza, tukaambiwa kuna wanafunzi wanapata nafasi nzuri na wanaziacha kwa kukosa nauli. Kidogo kinachoingia kila mwezi shule inaweza kukipangia bajeti, kikubwa kinachokuja siku moja na hakijulikani kitarudi lini hakipangiki.

Msije mkafikiri yote yalienda vizuri. Mchango wetu wa kwanza uliingia kwenye akaunti ya jumla na kwa miezi minane hakuna aliyeweza kutuambia umefanya nini, wenzetu wawili wakataka tujitoe kabisa. Tukaomba kikao, tukatoka na makubaliano ya ukurasa mmoja, pesa ni ya kazi gani, nani anachagua wanafunzi, ripoti inakuja lini. Tangu hapo ripoti zinakuja. Fanya hivyo kabla ya senti ya kwanza, sio baada, na usione aibu kuomba, ofisi makini itafurahi.

Na upande wetu pia tujiwekee mipaka. Mwenzetu mmoja aliuliza kama mchango wake utamsaidia mpwa wake kupata nafasi ya masomo, tukamjibu hapana siku ile ile, akaondoka. Kuchangia hakukupi haki ya kuchagua nani adahiliwe, nani aajiriwe kufundisha, au matokeo ya utafiti yasemeje. Siku wahitimu wakianza kuingilia huko, cheti cha kila mmoja wetu kinashuka thamani, kuanzia chako.

Wengi wananiuliza sasa naanzaje, simjui mtu pale siku hizi. Huhitaji kumjua mkuu wa shule, tafuta mwalimu mmoja tu wa somo linalokaribiana na kazi yako. Mi nilimwandikia hivi, na unaweza kuinakili kama ilivyo: "Shikamoo mwalimu, nilikuwa mwanafunzi wako. Nina saa mbili kila muhula, na nina hesabu za biashara yangu ambazo niko tayari kuzionyesha darasani. Ni sehemu gani ya somo lako inakosa mfano?" Alijibu siku hiyo hiyo, kabla ya jioni.