Kuandika wasifu wa Anna Laetitia Barbauld: kila shairi lina tarehe mbili

Anayeanza kuandika wasifu wa Anna Laetitia Barbauld (1743–1825), mshairi na mwandishi wa insha wa Uingereza, kwa kawaida huchukua orodha ya vitabu vyake, akaipanga kwa mwaka wa uchapishaji, kisha akajazia maelezo katikati. Hapo ndipo kazi inapoharibika. Mashairi yake mengi yalisomwa kwanza na ndugu na marafiki kwa maandishi ya mkono. Mengine yalichapishwa miaka kadhaa baadaye, na mengine yeye akiwa kaburini. Kabla ya kuandika sentensi hata moja, chora jedwali la safu nne: jina la kazi, mwaka ilipoandikwa, mwaka ilipochapishwa, na aliyeichapisha. Safu ya pili ikikushinda, iache wazi. Usiijaze kwa kukisia.

Faida yake utaiona ukifika kwenye shairi lake "The Rights of Woman" (Haki za Mwanamke). Mary Wollstonecraft, katika kitabu chake cha 1792 kuhusu haki za wanawake, alilikosoa shairi jingine la Barbauld, lililomfananisha mwanamke na maua laini. Wanafunzi wengi huandika kwamba Barbauld "alimjibu" kwa "The Rights of Woman". Ni kweli kwamba wahakiki hulihusisha na miaka hiyo, lakini lilichapishwa 1825, na Wollstonecraft alifariki 1797. Wasomaji wa wakati ule hawakuona mabishano yoyote kati yao. Andika basi kwamba lilibaki bila kuchapishwa uhai wake wote, halafu ujiulize kwa nini. Swali hilo lina uzito kuliko ugomvi wa kubuni.

Mtego mwingine ni majina. Hadi alipoolewa na Rochemont Barbauld mwezi Mei 1774, aliitwa Aikin. Kwa hiyo kitabu chake cha kwanza, Poems cha 1773, ni cha kipindi cha Aikin, na insha za mwaka huohuo zilitoka kwa jina la J. na A. L. Aikin, yaani yeye na mdogo wake John. Ndani ya kitabu hicho cha insha hakuna sahihi inayoonyesha nani aliandika ipi. Kisa cha kutisha cha "Sir Bertrand" kilichomo humo kimehusishwa mara na dada, mara na mdogo wake. Usikitumie kueleza tabia ya Anna. Unapotafuta, jaribu Laetitia na Letitia, Aikin, na "Mrs. Barbauld". Katika nakala za skani za karne ya 18, kumbuka kwamba s ndefu ya wachapaji hufanana na f, na kompyuta huisoma hivyo. Ukitafuta neno lenye s ukaambulia patupu, liandike upya kwa f, isipokuwa s ya mwisho wa neno, maana hiyo ilichapwa kama yetu.

Usiruke dini. Familia yake ilikuwa ya Waprotestanti waliokataa kujiunga na Kanisa la Uingereza. Sheria za 1661 na 1673 ziliwafungia watu hao nyadhifa za umma, na Oxford haikumpokea kijana asiyetia sahihi imani ya Kanisa hilo. Ndiyo sababu walianzisha vyuo vyao, kikiwemo kile cha Warrington ambako baba yake alifundisha kuanzia 1758. Anna, kwa kuwa msichana, hakusajiliwa hata hapo. Kilatini na Kigiriki kidogo alivipata nyumbani kwa baba. Bila maelezo haya, kijitabu chake cha 1790 cha kudai sheria hizo zifutwe kitaonekana kama kimeanguka kutoka mbinguni.

Katika kuchambua mashairi, aliyezoea mizani 8 kwa 8 atahesabu silabi na kusahau mkazo. "The Mouse's Petition" (Ombi la Panya) ina beti za mistari minne, silabi 8, 6, 8, 6, mkazo ukiangukia silabi ya pili ya kila jozi, kama tenzi za kanisani. "Washing-Day" (1797) ina silabi 10 kwa mstari na haina vina kabisa. Hilo si kosa la mshairi. Shairi la panya lisomwe pamoja na maelezo aliyoyaongeza katika toleo la baadaye. Panya huyo alikuwa amenaswa kwa ajili ya majaribio ya hewa ya Joseph Priestley, wasomaji wakadhani mwanasayansi anashutumiwa kwa ukatili, naye Anna akakanusha.

Kuhusu 1812, nenda taratibu. Shairi lake "Eighteen Hundred and Eleven" (yaani 1811), lililotoka 1812 licha ya jina hilo, lilitabiri kuporomoka kwa Uingereza iliyokuwa vitani na Ufaransa, na wageni wa kutoka Marekani wakitembelea magofu ya London. Mhakiki John Wilson Croker, bila kutia jina lake mwenyewe, alilishambulia katika jarida la Quarterly Review, akimdhihaki mshairi kwa miwani na sindano za kufuma. Wasifu nyingi husema tangu hapo alinyamaza. Si kweli. Hakutoa tena kitabu kikubwa cha mashairi, lakini aliendelea kutunga, na mapitio yake yasiyo na jina yalitoka katika jarida la Monthly Review hadi 1815.

Mashairi na barua zake tunazipata kwa sehemu kubwa kupitia juzuu mbili za 1825, zilizoandaliwa na Lucy Aikin, binti wa John. Lucy alikuwa akilinda heshima ya shangazi yake, na karatasi nyingi za familia ziliteketea kwa mabomu London mwaka 1940, kwa hiyo mara nyingi hakuna cha kumpimia. Shairi likiwa pia katika Poems ya 1773, weka matoleo yote mawili mezani, ulinganishe mstari kwa mstari, na unukuu lile la kwanza. Likiwa ndani ya juzuu za Lucy tu, liandikie hivyo katika safu ya nne.