Usiguse hiyo nati mkuu, tatizo lako ni bushi

Mkuu weka spana chini kwanza. Umesema una kilo 90, longiboadi (ule ubao mrefu wa kuteleza wenye matairi) ni mpya, unauliza matairi gani na beringi gani, halafu katikati ya swali unapitisha kwamba ukishika kasi kwenye mteremko inatikisika kushoto kulia na kuna mtu kakwambia ukaze nati za traki, vile vyuma vya chini vinavyoshika matairi, mpaka mwisho. Usithubutu!

Maneno hayohayo niliambiwa na jamaa aliyeniuzia ya kwangu, "kaza tu itatulia", nikakaza, na kweli kwenye tambarare ikatulia, kumbe ndo nishaharibu, maana mteremkoni ilinyooka vizuri tu mpaka kasi ilipokolea, ghafla ikaanza kutikisika bila dalili yoyote, nataka kukata kona nipunguze mwendo haikati, nikatua kwa bega, mtulinga ukavunjika. Hela iliyoenda hospitali ilizidi bei ya longiboadi yenyewe. Yule mtu mpaka leo ananitia hasira, unauzaje kitu hujawahi hata kukipanda halafu unawashauri watu?

Sasa sikia. Kinachobeba uzito wako kwenye traki ni bushi, zile raba mbili zilizovaa bolti kubwa ya katikati, kazi yake ukilalia upande zikurudishe. Zina namba za ugumu, 78A laini, 95A ngumu. Mtu wa kilo 55 anatulia na 80A hivi, wewe anzia 90A. Bushi laini ukiibana kwa nati haigeuki kuwa ngumu, inaminywa tu. Chuchumaa uangalie, utaona raba imefura imetokeza nje ya washa, kile kisahani cha chuma kinachoibana, na ukiendelea hivyo inapasuka. Nati kaza mpaka washa isizunguke kwa vidole, ongeza nusu mzunguko, basi. Bado inalegea? Badili bushi, usiongeze spana!!

Halafu kutikisika huko mara nyingi kunaanzia traki ya nyuma, kwa hiyo bushi za nyuma ziwe ngumu kidogo kuliko za mbele, na sehemu kubwa ya uzito wako iegemee mguu wa mbele. Wengi wakiogopa wanarudi nyuma, ndo inazidi.

Piga picha traki zote mbili kwa karibu uweke hapa tuzione hizo raba, na mpaka bushi mpya zifike huo mteremko achana nao, hata kama una helmeti.