Watu 100 wanatosha kwa utafiti wa tasnifu kuhusu presha ya damu Kawangware, Nairobi?

Mia moja hawatoshi kama unataka kusema ni asilimia ngapi ya wakazi wana presha. Kwa uhakika wa asilimia 95, watu 100 wanakuacha na kosa la karibu asilimia 10 juu na chini. Ukitaka kosa la asilimia 5, hesabu ni 1.96² × 0.5 × 0.5 ÷ 0.05², yaani watu 385 (1.96 ni ya uhakika wa asilimia 95, na 0.5 ni kukadiria kuwa nusu ya watu wana presha). Ukikadiria kuwa mmoja katika kumi atakataa, gawanya kwa 0.9 kumfidia: 428. Msimamizi wako akikubali swali finyu zaidi, sampuli nayo inaweza kupungua.

Kinachoharibu tasnifu nyingi ni hojaji, kuliko hata hesabu. Ukiuliza "Je, una presha?" mtu wa Nairobi anaweza kudhani ni presha ya maisha, akakujibu kuhusu kodi ya nyumba. Uliza hivi: "Daktari au nesi amewahi kukupima mkononi akakuambia una presha ya damu?" Na usiulize "Unameza dawa kila siku?" maana wengi watasema ndiyo. Uliza ni siku ngapi katika 7 zilizopita dawa ilipita bila kumezwa.

Ukipima mwenyewe, mtu aketi dakika 5 kwanza, mgongo umeegemea, mkono usawa wa moyo, mkanda wa kipimo usifungwe juu ya sweta. Pima mara mbili, uache dakika moja katikati.

Milango ugonge Jumamosi na Jumapili pia. Katikati ya wiki wengi wako kazini. Na usikusanye chochote kabla ya kibali cha kamati ya maadili, kisha leseni ya NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi na teknolojia inayoidhinisha utafiti Kenya.