Shingo ya Mpasuaji: Maswali Yenu

Sinyanyui kitu kizito kazini. Mbona shingo inaniuma hadi usiku?

Unabeba kichwa chako, daktari. Kina uzito wa kilo 4 hadi 5 hivi, na ukikiinamisha, misuli ya nyuma ya shingo ndiyo inayokizuia kisianguke. Kwa makadirio ya wataalamu, shingo iliyoinama nyuzi 60 hubeba mzigo wa kama kilo 27. Nawe hukai hivyo dakika mbili. Unakaa saa tatu bila kutikisika, na taa ya kichwani juu yake.

Miwani ya kukuza imenisaidia macho, lakini shingo imezidi.

Huenda lenzi zinatazama mbele mno, kwa hiyo kichwa chako ndicho kinachoinama kutafuta jeraha. Zinatakiwa zielekee chini vya kutosha, macho yashuke na shingo ibaki karibu wima. Umbali wa kuonea nao ukiwa mfupi kuliko mikono yako inavyofanyia kazi, utajikunja tu. Ivae, simama kwenye kitanda cha upasuaji kama ulivyozoea, mwenzako akupige picha kwa ubavuni. Nimeona watu wakinyamaza kabisa kwa kuona kidevu kilivyogusa kifua. Kisha irudishe kwa fundi aipime upya, hata kama ni mpya.

Mimi ni mfupi, bosi wangu ni mrefu. Kitanda kipangwe kwa nani?

Kwa mrefu. Wewe omba kibao cha kupandia, tena kabla ya kunawa, na usione haya. Jeraha liwe usawa wa viwiko au chini kidogo.

Kupumzika katikati si kumchelewesha mgonjwa?

Hapana. Timu zilizojaribu kusimama dakika moja hivi kila baada ya dakika 20 hadi 40 hazikurefusha upasuaji kwa kiasi cha maana. Damu ikiwa inatoka, malizana nayo kwanza.

Kidole cha kati kina ganzi wiki ya pili sasa. Nivumilie?

Usivumilie, tafadhali. Huenda neva imebanwa shingoni, mara nyingi kati ya pingili ya 6 na ya 7. Wengi hupona bila kisu, ila wakaguliwe mapema. Na vifungo vya shati vikianza kukushinda, ukayumba unapotembea, au mkojo ukasumbua, ugwe mgongo wenyewe, yaani kamba ya neva iliyo ndani ya uti wa mgongo, unaweza kuwa unabanwa. Mkabidhi mwenzako orodha ya wagonjwa wa leo, nenda hospitali leo hii.