Diski Tupu, Simu Hailali

SWALI: Assalaam alaykum, Fundi. Mie naangalia kompyuta za skuli moja hapa Wete. Seva nimeitia Nagios, programu ya kuchunga mashine, na upande wa diski nimetumia programu-jalizi yake, nikaandika `check_disk -w 80% -c 90%`, ili inionye ikijaa asilimia 80 na ipige kelele ikifika 90. Diski ni ya GB 500, zilizotumika GB 130 tu, lakini simu inaletewa CRITICAL, yaani hatari, usiku kucha. Mume wangu keshahamia chumba cha watoto. Hii programu-jalizi mbovu?
*Mama Seva, Wete*

JAWABU: Waalaykum salaam, bibie. Programu-jalizi nzima, ila wewe na yeye hamkuelewana. `check_disk` haihesabu kilichojaa, inahesabu kilichobaki. Ulichoiambia ni kuwa nafasi iliyobaki ikishuka chini ya asilimia 90, hali ni ya hatari. Umebakiwa na asilimia 74, basi inakutii tu, maskini. Andika `-w 20% -c 10%`, na bwana arudi chumbani kwake.

Na hiyo alama ya % usiiache. Mie niliiacha. Kwenye hoteli moja ya Nungwi niliandika `-w 20 -c 10`, nikajiona nimemaliza kazi. Bila ya alama, namba ile husomwa kuwa megabaiti. Ikakaa kimya miezi, nami nikiusifu ule ukimya. Agosti, wageni wamejaa, faili moja la bekapu likameza nafasi yote iliyobaki baina ya ukaguzi na ukaguzi; kufika MB 20 hakukuwa na muda wa kuonywa. Mashine ya mapokezi ikakataa kuandika hata jina la mgeni. Nilipanda daladala na laptopu mapajani, njia nzima napigiwa simu na meneja.

Tangu siku ile siiamini amri kabla ya kuiendesha kwa mkono. Kwenye Debian au Ubuntu ingia `/usr/lib/nagios/plugins`, andika `./check_disk -w 20% -c 10% -p /`, halafu `echo $?` uone namba ya jibu lake. Ukipata 0 ni salama, 1 onyo, 2 hatari, na 3 maana yake yenyewe haijui. Kisha ijaribu kwa `-w 99%` uone kama onyo linakuja. Siku ukinunua diski ya TB 4, viwango hivi vibadilishe: asilimia 10 yake ni GB 400, na hakuna haja ya kuamshwa kwa GB 400.

SWALI: Kila umeme ukiyumba, swichi yetu ya mtandao, ile inayounganisha kompyuta, inazima na kuwaka, nami Nagios inaniletea DOWN (imezima), baada ya dakika mbili UP (imerudi). Nimechoka.
*Msomaji, Chake Chake*

JAWABU: Usiguse viwango vya ping, ile hodi ya kuuliza kama mashine ipo, ndugu yangu. Tia `max_check_attempts 5` na `retry_interval 1`. Nagios itarudia kuuliza kila dakika, na ujumbe utatoka swichi ikikosa kujibu mara tano mfululizo, yaani kiasi cha dakika nne tangu kukosa kwa mwanzo. Swichi ikiwahi kurudi, wewe unaendelea kulala. Ila UPS ndogo, betri ya kushika umeme ukikatika, ya swichi hiyo mkumbushe bosi, na umkumbushe tena mwisho wa mwezi.